Pua ya Dobi

Mtaani walituita Mbuzi, kwa sababu kila mwisho wa wiki tulikuwa tunatoka mjini kwenda kula majani. Tulilipokea jina hilo bila kinyongo kwa vile halikuwa na uongo ndani yake. Tulikuwa watu wazima wenye friji na majiko ya gesi nyumbani, na bado tulikwenda porini kutafuta mchicha pori, mnavu, uyoga na vitunguu pori, tukarudi na matope hadi magotini tukijisifu kana kwamba tumeua simba. Mimi mwenyewe sikuwa mchumaji. Nilikuwa na pikapu, na chama cha watu wasio na magari hakimfukuzi mwenye pikapu. Siku za kazi nilisambaza mitungi ya gesi, mwisho wa wiki nikasambaza Mbuzi. Majani yote kwangu ni majani, hadi leo.

Mkubwa wetu, kwa katiba, alikuwa Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa jiografia aliyependa kufungua kikao hata mkiwa watatu. Lakini mkubwa wa kweli alikuwa dobi mmoja mwembamba mwenye kibanda nyuma ya ofisi ya maji. Tulimwita Pua. Mkewe alikuwa mpishi wa shule ya chekechea, na porini ndiye aliyeshika mwiko. Kwa kuwa Pua nilimwita kaka, huyu alikuwa shemeji yangu, na utani wetu ulikuwa wa kumaliza safari nzima bila redio.

Jina la Pua lilizaliwa kibandani kabla halijafika porini. Ukimpelekea shati, hakutazama kola kwanza kama madobi wengine. Alilipeleka usoni, akavuta pumzi, akakwambia hili la kuloweka au hili la kufua tu, na akiwa na furaha alikwambia na ulikokuwa umelivaa. Nawajua wanaume wawili waliohama dobi kwa sababu hiyo. Alijua wanga uliochachuka kabla haujabadilika rangi, na alijua pasi imezidi moto kwa harufu ya kitambaa, kabla kitambaa hakijapata hata wazo la kuungua.

Porini kipaji hicho kilikuwa ndio ulinzi wetu. Kitunguu pori ukikivunja kinatoa harufu ya kitunguu, huna haja ya kuuliza. Lakini kina mwenzake anayefanana nacho kwa kila kitu, jani lilelile jembamba, kichwa kilekile cheupe, ila ukimvunja hana harufu yoyote. Huyo tulimwita bubu. Bubu akiingia tumboni anaweza kukulaza hospitali, na akikukuta dhaifu anakulaza pengine ambako hakuna manesi. Ndiyo maana kila tukimaliza kuchuma tulitandaza turubai, kila mtu akamwaga kikapu chake mbele yake, na Pua akapita.

Alianza na mikono. Ulimnyooshea viganja akavinusa kimoja kimoja, kama mama anavyonusa vya watoto wanaodai wamenawa. Mkono uliochimba vitunguu asubuhi nzima unanuka kitunguu, na chochote unachokishika kinanuka kitunguu pia, hata jiwe. Mwenye mikono ya namna hiyo alirudishwa mtoni akajisugue kwa majivu. Kisha Pua alivunja, akanusa, akaweka kulia au kushoto: kulia chunguni, kushoto shimoni. Hilo tuliliita kupitisha. Na chungu kilipoiva, tonge la kwanza lilikuwa lake peke yake, sisi tukimtazama na njaa zetu. Tonge moja lisingeonyesha lolote papo hapo. Sumu ya bubu inachukua muda, Muuguzi wetu alishatueleza. Ilikuwa ni dhamana tu. Aliyepitisha, aanze yeye.

Sasa mtu huyu alipatwa na mafua msimu wa baridi, mafua ya kawaida ya kitanda na tangawizi, na yalipoondoka yaliondoka na harufu zote za dunia.

Haya nilikuja kuyajua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe. Alikuwa kibandani anapiga pasi shati jeupe, macho yakiwa barabarani, na mteja mmoja akasimama dirishani akamwambia, "Dobi, unaunguza." Akatazama chini, akaona moshi. "Najua," akamjibu. Mteja akaondoka akitikisa kichwa, maana hajawahi kuona dobi anayeunguza kwa makusudi. Pua akafunga mlango, akafungua chupa ya dawa ya madoa, ile inayowakimbiza watu, akaitia puani. Machozi yalitoka, harufu haikuja. Akajaribu sabuni, mafuta ya taa, soksi za mlinzi wa benki. Hakuna kitu.

Angekwambia dobi asiyesikia harufu bado anaweza kufua, na ni kweli. Tangu siku ile alipima pasi kwa kidole kilicholowa mate na wanga kwa ulimi, na nguo zilitoka safi. Kilichomuuma kilikuwa kingine. Kibandani watu walimrushia nguo bila salamu na kumwuliza kwa nini kifungo kimepotea. Porini, Mwenyekiti aliyekuwa amefundisha nusu ya mji alimnyooshea viganja akasubiri. Wote tulisubiri. Mtu ambaye siku tano kwa wiki hasubiriwi na yeyote, halafu siku ya sita watu ishirini wananyamaza mpaka aseme, hawezi kuachia hicho kitu kirahisi. Mimi nisingekiachia. Basi hakusema, wala kwa mkewe.

Alibuni njia. Badala ya kunusa mikono yetu alisema tu, "Nendeni wote mkanawe," tukaenda kama kundi la watoto wa chekechea ya Shemeji. Badala ya kunusa mafungu, alikuchukulia kitunguu chako, akakivunja, akakusogezea puani wewe mwenyewe. "Usiniulize mimi. Nusa, uniambie." Alitazama uso wako. Ukisitasita kidogo, kushoto. Mwenyekiti alifurahi sana. Alisema kwenye kikao kwamba hatimaye ndugu yetu amekomaa, ametoka kwenye ubingwa ameingia kwenye ualimu, na tukapiga makofi. Pua akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kama ni kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, sijaona aliyepaka vizuri kuliko yeye.

Shida ni kwamba alitupa mno. Chochote chenye mashaka kilikwenda shimoni, na mashaka sasa yalikuwa mengi kuliko majani. Chungu kikawa chepesi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Pua siku hizi ana roho ndogo. Muuguzi, mwanamke wa wodi ya wagonjwa mahututi asiyejua kunong'ona, alimwambia usoni, "Kaka, unatupa hata vizuri. Vile vya kwangu vilikuwa vitunguu, na wewe unajua." Pua akajibu kwamba tahadhari haijawahi kumuua mtu. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimkera zaidi Muuguzi.

Basi ukafika mkusanyiko wetu mkubwa wa mwaka, wa siku mbili, kwenye kitalu cha miche kilichoachwa, chenye ghala la kulala, bomba linalotoa maji likijisikia, na mto mwembamba chini yake. Nilibeba magodoro, sufuria na watu wenye magoti mabaya. Mwenyekiti alifungua mkusanyiko kwa hotuba, akatangaza kwamba chungu cha mwaka huu kiwe chungu kweli. "Mara ya mwisho tulikunywa maji ya moto yaliyopitiwa na majani," alisema. Watu walicheka. Pua naye alicheka, lakini nilimwona akitazama mikono yake.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kuwafundisha wageni, na mgeni mmoja alikuwa msusi mwenye saluni karibu na stendi, mwanamke mchangamfu wa vidole virefu. Alikuja kwa sababu mteja alimwambia mnavu unarefusha nywele. Pua alimfunga macho kwa kitambaa, akamnusisha majani ya kila namna, na kila mara Msusi alijibu sawa. Huu mnanaa. Huu uyoga umezeeka. Hiki kitunguu, hiki si kitu. Miaka ya kukaa na dawa za nywele haikuwa imemharibu, bali ilikuwa imemnoa.

"Wewe una pua," Pua akamwambia.

Mbuzi wote waligeuka. Hakuwa amewahi kumwambia yeyote maneno hayo, na Muuguzi alikuwa ameyasubiri kwa miaka. Aliinuka akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Naona mume wangu amepata mchumba," Shemeji alisema, akikoroga chai.

"Mwache, Shemeji," nikamwambia. "Mimi nipo, na nina gari."

"Gari lenyewe linanuka gesi."

Tangu hapo Pua hakumwacha Msusi. Alikwenda naye kila mahali, akamwita binti, akamwuliza hiki na kile. Tulidhani anamrithisha ujuzi. Ukweli ni kwamba alikuwa amejipatia pua mpya yenye miguu. Jioni ile alikula vizuri kuliko nilivyomwona kwa muda mrefu, na alituchekesha kwa habari za wateja wake.

Siku ya pili tulitawanyika asubuhi. Mimi nilibaki kulinda gari, yaani nililala ndani yake. Jua lilipopanda walianza kurudi mmoja mmoja, wakanawa mtoni, wakapiga magoti kuzunguka turubai. Pua alipita akiwauliza kila mmoja kama kawaida yake, kulia, kushoto, kushoto, kushoto. Fungu la kulia lilikuwa dogo kama la mgonjwa. Mwenyekiti alikohoa. Shemeji alikiangalia chungu chake, kisha akamwangalia mumewe.

Hapo ndipo Msusi akatokea kwa mbio, nguo zimejaa udongo, kikapu kimejaa hadi mdomoni. Alikuwa amekuta bonde lote ni vitunguu, alisema, amechimba mpaka mgongo umekataa. Akamwaga kikapu kwenye turubai. Watu wakapiga vigelegele, maana njaa ilikuwa imeshafika.

Pua alichuchumaa mbele yake. Akachukua kimoja, akakivunja, akampa. "Nusa, binti."

"Kitunguu," Msusi akasema, bila kufikiri.

Akampa kingine. "Kitunguu." Kingine. "Mzee, hivi vyote vitunguu. Vinanukia mpaka vinaniuma pua."

Pua alitazama uso wake, na uso wa Msusi ulikuwa hauna shaka hata chembe. Akakusanya nusu ya fungu lile kwa mikono miwili, kiasi cha kutosha chungu, akaisogeza kulia. Watu wakashangilia. Muuguzi, kwa mara ya kwanza tangu jana, alitabasamu. Shemeji akavichukua, akaviosha, akavikata, akavitia pamoja na mchicha na uyoga, na harufu ikaenea kitalu kizima. Mimi niliamshwa na hiyo harufu. Kwa hiyo yote yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu.

Tulikaa kwenye magogo tukimeza mate. Msusi alirudi kutoka bombani akikung'uta maji mikononi, akaketi karibu na Pua.

"Leo sijui nitamsuka nani na mikono hii," alisema akicheka. "Nimenawa, nimenawa tena, kitunguu hakitoki. Hata kikombe cha chai kinanuka kitunguu."

Pua alimgeukia. "Umenawa lini?"

"Si sasa hivi hapo bombani."

"Na kabla ya turubai?"

"Kabla ya turubai nilikuwa natoka bondeni, Mzee. Mlikuwa mmeshaanza." Akaona uso wake. "Kwani kulikuwa na kunawa?"

Pua aliinuka taratibu, akaenda kwenye turubai ambako nusu ya vile vitunguu ilikuwa imebaki. Akachukua kimoja akakivunja, akakipeleka puani, akavuta pumzi. Akachukua kingine. Nilimtazama akivuta pumzi juu ya vile vichwa vyeupe, kimoja baada ya kingine, kifua kikipanda na kushuka, nikasema moyoni, huyu mtu anaipenda kazi yake, hata chakula kikiwa tayari bado anakagua. Ndivyo nilivyo mwerevu.

"Njoo, mume wangu," Shemeji aliita. "Watu wana njaa."

Alikuja akaketi kwenye kigoda chake. Shemeji akampakulia bakuli la kwanza, akampa kwa mikono miwili. Watu wakanyamaza, kama siku zote. Pua alilishika bakuli likitoa mvuke usoni mwake. Alilitazama mpaka hata Mwenyekiti akaacha kutafuna kijiti chake. Sasa ninaelewa alikuwa anahesabu nini. Angeweza kujikwaa akakimwaga chungu, tukamcheka, tukamwita mzee wa magoti mabaya, na jina lake likabaki. Njia hiyo ilikuwa wazi kabisa mbele yake. Chungu kilikuwa karibu na mguu wake.

"Msile," akasema.

Akamwaga bakuli chini. Kisha akachukua vitambaa vya Shemeji, akakishika chungu kwa masikio yote mawili, akakiinamisha polepole mpaka kikaisha. Supu ilipita katikati ya viatu vyetu.

"Vipi tena?" Mwenyekiti akauliza. "Kuna nini ndani?"

"Sijui kuna nini ndani."

"Hujui vipi? Si wewe uliyepitisha?"

"Nimepitisha kwa pua ya huyu binti, na mikono yake ilikuwa haijanawa. Mimi sisikii harufu, Mwenyekiti. Tangu yale mafua. Sisikii harufu ya kitu chochote."

Watu walidhani ni mzaha, wakasubiri kipande cha kuchekesha. Muuguzi hakusubiri. Alikwenda mtoni, akajisugua mikono kwa majivu mpaka viwiko, akarudi akapiga magoti kwenye turubai. Alivunja vile vilivyobaki kimoja kimoja, akanusa. Kitunguu, kitunguu, kitunguu. Kisha akasimama na kimoja, akakinusa tena, akampa Mwenyekiti, Mwenyekiti akampa jirani yake. Kikazunguka watu wote bila kutoa harufu yoyote. Kabla Muuguzi hajamaliza fungu alikuwa amepata bubu wengine. Hakuna aliyehitaji kuambiwa nusu ya fungu hilo ilikuwa imekwenda wapi.

Msusi alianza kulia, akisema hakujua, hakuna aliyemwambia. "Huna kosa, binti," Pua akamwambia. "Kosa ni la aliyekutumia."

Muuguzi alisimama mbele ya Pua. Nimeona watu wakikasirika, lakini hasira ya mtu aliyezoea kuona watu wakifa haina kelele. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Huo ni msemo. Lakini wewe kaka, kifo ulichokuwa unakificha hakikuwa chako. Tangu mafua mpaka leo tumekula vyungu vingapi kwa macho yako?"

"Vyote."

"Na ungesema tu. Tungenusa wenyewe, tuna pua. Ungekaa hapo hapo kwenye kigoda chako."

"Ningekaa kama nani?" Pua akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeuliza shati litakuwa tayari lini. "Muuguzi, mimi mjini sina kitu. Hapa ndipo mahali pekee watu wananisubiri niseme. Niliogopa. Nilikuwa najua ni hatari, na bado nilikuwa naogopa zaidi kurudi kuwa dobi tu."

Mwenyekiti alijaribu kufungua kikao cha dharura, ikaonekana hana ajenda, akakifunga. Tulikula mikate mikavu na biskuti za Msusi. Watu waligawanyika katika vikundi vidogo vya kusema kwa chini. Wengine walisema heri amesema kabla hatujala, ni muungwana. Wengine walisema muungwana gani anayesema baada ya kukuweka rehani miezi yote hiyo. Mimi nilikuwa pande zote mbili, kutegemea nani alikuwa ananisemesha. Ikakubaliwa kwamba kuanzia mwezi ujao Muuguzi ndiye atakayepitisha, na hakuna aliyempigia makofi wala yeye hakuyatafuta. Pua alikuwa amekaa peke yake akikunja turubai, akilinyoosha pembe kwa pembe kama shuka la hoteli.

Tuliondoka jua likiwa bado juu. Watu wa nyuma walipanda nyuma na magodoro. Mbele tulikaa watatu: mimi kwenye usukani, Shemeji katikati, na mumewe dirishani. Kawaida hapo ndipo utani wangu na Shemeji ulipoanza. Safari hii nilifungua mdomo nikaufunga. Kitu kimoja nilichojifunza katika udereva ni kwamba watu husahau kuwa dereva ana masikio, na adabu ya dereva ni kuwaacha wasahau.

Shemeji hakuwa amesema neno tangu chungu kimwagwe. Tulipita daraja, tukapita mizani, tukaingia lami. Alikuwa ameweka sufuria tupu mapajani, ameishika kwa nguvu utadhani kuna mtu wa kumnyang'anya.

"Na mimi?" akasema hatimaye, bila kumtazama.

"Wewe nini?"

"Wale ni Mbuzi, wana haki ya kukasirika, watakasirika watachoka. Mimi nalala na wewe. Kila jioni unaingia mlangoni, hujavua hata viatu, unasema, mke wangu leo umepika nini, kinanukia mpaka barabarani. Juzi usiku kabla ya safari umesema hivyo. Ulikuwa unasikia nini?"

Pua aligusa kitasa cha dirisha, akakiacha.

"Nilikuwa nakumbuka," alisema. "Nikiingia naona mvuke, naangalia kwenye sufuria, naona ni maharage. Halafu nakumbuka maharage yako yananukiaje. Nikishakumbuka, nasema. Sikuwa nadanganya sana."

"Miezi yote hiyo."

"Nilitaka usihuzunike. Unapika ukitaka niseme."

Nilidhani yamekwisha, nikabadilisha gia. Shemeji akaongea kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, mwanamke anayenyamazisha chekechea nzima kwa kupiga kijiko mezani.

"Na mimi mwenyewe je? Unanikumbuka hivyo hivyo?"

Mumewe alitazama nje ya dirisha. Mashamba yalikuwa yanapita, na watu wa nyuma walikuwa wameanza kuimba kidogo, kwa uchovu.

"Chakula nakumbuka," akasema. "Wewe ndiyo nimeanza kusahau. Usiku nakusogelea shingoni natafuta, naona ni joto tu. Hilo ndilo nililoshindwa kukwambia. Lile la Mbuzi ningelisema zamani."

Iliniuma, na mimi si mtu wa kuumia ovyo. Niliona aibu kuwa pale. Nikanyoosha mkono nikawasha redio ili wapate pa kujificha. Shemeji akaizima.

"Endesha polepole, shemeji," akaniambia. Kisha akaweka sufuria chini miguuni, akamsogelea mumewe.